Ulaya mbele ya Urusi: kinywa kinasema hivi, mfuko unafanya vile

Usiku wa kuamkia tarehe 19 mwezi wa kumi na mbili 2025, wakubwa wa inchi 27 za Umoja wa Ulaya walikaa Brussels mpaka karibu kucha. Swali lilikuwa moja: Ukraine inaelekea kuishiwa feza, itapata wapi za kuishi na za kupigana vita miaka ya 2026 na 2027? Mezani kulikuwa na mpango wa kutumia feza za Benki Kuu ya Urusi zilizofungwa Ulaya tangu 2022. Mpango haukupita. Badala yake walikubaliana Umoja wenyewe ukope euro miliari 90 na kuikopesha Ukraine. Hungary, Slovakia na Jamhuri ya Cheki walisema deni hilo lisiwaguse, wakaachiliwa.

Siku ile ile, raisi wa Ufaransa Emmanuel Macron alisema ingefaa Ulaya irudilie kuzungumza na Vladimir Putin. Sawa, lakini nani azungumze? Ursula von der Leyen anayeongoza Kamisheni ya Ulaya? António Costa anayeongoza mikutano ya wakubwa? Kaja Kallas, mwenye kazi ya mambo ya inje ya Umoja? Ao Paris na Berlin peke yao, kama zamani? Hakuna aliyejibu.

Kwa mkaaji wa Beni, Bunia ao Uvira, maneno haya yanaweza kuonekana ya mbali sana. Lakini mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipanza bei ya ngano na ya mafuta dunia yote, na mwenye kununua esansi, mazuti ao unga wa kukandia mandazi aliisikia. Na kuna sababu nyingine, ya karibu zaidi: wale wale wanaokaa Brussels ndio wanaamua vikwazo juu ya vita ya huku mashariki mwa Kongo. Namna Ulaya ilivyotendea Urusi tangu miaka karibu ishirini inaonyesha vile inakata shauri, na pia vile inashindwa kulikata.

Kanuni tano, na kila mmoja na yake

Mwezi wa nane 2008 Urusi iliingiza jeshi Georgia. Vita ilidumu siku tano. Mwezi wa tisa, Ulaya ilisimamisha mazungumzo ya mkataba mpya na Moscow. Mwezi wa kumi na moja ikayafungua tena. Askari wa Urusi walibaki Abkhazia na Ossetia ya Kusini, na mpaka leo wangali huko. Mwaka 2011 Ufaransa ikasaini kuuzia Urusi meli mbili za vita aina ya Mistral, kwa bei ya euro zaidi ya miliari moja. Meli zenyewe hazikufika, sababu katikati kulitokea Crimea. Mwaka 2015 mkataba ulivunjwa na meli zikaenda Misri. Lakini Moscow ilikuwa imekwisha kuelewa jambo moja: hasira ya Ulaya inadumu miezi mitatu.

Mwezi wa tatu 2014 Urusi ilichukua Crimea. Ulaya ilianza na vikwazo vidogo vidogo juu ya majina ya watu. Vikwazo vyenye kuuma, vya benki, vya silaha na vya vyombo vya kuchimba mafuta, vilikuja mwisho wa mwezi wa saba, kisha ndege MH17 iliyotoka Amsterdam kuangushwa juu ya mashariki mwa Ukraine tarehe 17. Watu 298 walikufa, 196 kati yao Waholanzi.

Mwaka 2016 maministri wa mambo ya inje walipitisha kanuni tano za kuongoza uhusiano na Urusi. Walisema: makubaliano ya Minsk juu ya Ukraine yatimizwe, uhusiano na majirani wa Urusi ukazwe, Ulaya ijilinde yenyewe, hasa kwa upande wa nishati, izungumze na Moscow pale tu kuna faida ya Ulaya, na raia wa Urusi wasaidiwe, wasichanganywe na serkali yao. Ukizisoma leo, ni kanuni nzuri. Hakuna hata moja yenye kukosea. Shida ni kwamba ile ya nne, ya kuzungumza pale kuna faida, kila mji mkuu ulijisomea kwa macho yake. Faida ya Berlin ilikuwa gazi. Ya Athens, Roma na Budapest ilikuwa ingine. Na ile ya tatu, ya nishati, ilikuwa imekwisha kuvunjwa mbele hata wino haujakauka.

Bomba la chini ya bahari

Miezi sita mbele ya kanuni hizo, mwezi wa tisa 2015, kampuni Gazprom ya Urusi ilipatana na kampuni kubwa za Ujerumani, Austria, Ufaransa pamoja na Shell kujenga bomba la pili la gazi chini ya bahari ya Baltiki, kilometa karibu 1,200, moja kwa moja toka Urusi mpaka Ujerumani. Ndilo liliitwa Nord Stream 2. La kwanza lilikuwa linafanya kazi tangu 2011. Gerhard Schröder, aliyekuwa chansela wa Ujerumani mpaka 2005, alitoka ofisini na kuingia kuongoza kamati ya wenye hisa wa bomba hilo la kwanza.

Mabomba haya yalikuwa na maana gani? Gazi ya Urusi ilikuwa inapita Ukraine, na Ukraine ilikuwa inalipwa ushuru wa njia. Kupitisha gazi baharini ni kuizunguka Ukraine: feza zake zinapunguka, na Moscow inaweza kumfungia jirani bila kumfungia mnunuzi. Poland ilisema hivyo. Estonia, Latvia na Lithuania, inchi zilizokaa chini ya utawala wa Moscow mpaka 1991, zilisema hivyo pia. Waliambiwa kwamba wanaongozwa na woga wa zamani, na kwamba bomba ni mambo ya biashara tu. Neno hilo, "biashara tu", lilirudiliwa Berlin miaka mingi.

Mwaka 2021 bomba lilikuwa limekwisha kujengwa, na gazi ya Urusi ilikuwa karibu asilimia 45 ya gazi yote Ulaya iliyokuwa inaleta toka inje. Tarehe 22 mwezi wa pili 2022, siku mbili mbele ya mashambulizi, Ujerumani ilisimamisha kibali. Nord Stream 2 haikupitisha gazi ya biashara hata siku moja. Mwezi wa nane wa mwaka ule, bei ya gazi kwenye soko la Ulaya ilipita euro 300 kwa megawati-saa moja. Mwanzo wa 2021 ilikuwa karibu 20. Viwanda vilifunga, serkali zikakopa kusaidia watu kulipa umeme, na Ujerumani ikalazimika kununua kampuni yake kubwa ya gazi, Uniper, isianguke. Hapo ndipo "biashara tu" ilionyesha bei yake ya kweli. Wenye woga wa zamani walikuwa wamehesabu vizuri kuliko wenye hesabu.

Katikati ya hayo yote kulikuwa na aibu moja ambayo wanadiplomasia wa Ulaya hawapendi kukumbushwa. Tarehe 5 mwezi wa pili 2021, Josep Borrell, aliyekuwa anashika nafasi ya Kallas wakati ule, alikwenda Moscow kuomba Alexei Navalny aachiliwe. Akiwa angali huko, Urusi ikafukuza wanadiplomasia watatu: wa Ujerumani, wa Poland na wa Sweden. Ministri Sergei Lavrov, akiwa pembeni yake mbele ya wanahabari, aliita Umoja wa Ulaya mshiriki asiyetegemewa. Miezi ine kisha, Angela Merkel na Macron walipendekeza Ulaya ifanye mkutano na Putin. Poland na inchi za Baltiki zikakataa. Hivyo kwa miezi mitano Moscow iliona Ulaya moja inayoomba, nyingine inayoalika, na nyingine inayokataa. Kwa nini ichague ya kuogopa?

Sauti moja inatosha kufunga mlango

Kisha tarehe 24 mwezi wa pili 2022, mambo yalibadilika, na hilo lazima lisemwe. Ulaya ilifanya mambo ambayo wengi hawakuyatazamia: mpaka mwisho wa 2025 ilipitisha vifurushi 19 vya vikwazo, ikaacha makaa ya Urusi, ikaacha karibu mafuta yote yanayokuja na meli, ikapokea mamilioni ya wakimbizi. Sehemu ya gazi ya Urusi ilishuka mpaka asilimia 19 hivi katika 2024.

Lakini mfuko ulichelewa kufuata kinywa. Mwezi wa ine 2022 Borrell mwenyewe aliwaambia wabunge kwamba tangu vita kuanza, Ulaya ilikuwa imeisaidia Ukraine kwa silaha za euro miliari moja, na katika muda ule ule ililipa Urusi euro miliari 35 kwa nishati. Miaka mitatu kisha, kituo cha utafiti CREA cha Finland kilihesabu kwamba katika mwaka wa tatu wa vita, Ulaya ililipa karibu euro miliari 22 kwa mafuta na gazi ya Urusi, zaidi ya msaada wa feza iliotoa kwa Ukraine mwaka 2024, bila kuhesabu silaha.

Watu wanapenda kutupia Hungary makosa yote. Ni kweli, kwa sheria ya Umoja, mambo ya inje na vikwazo vinahitaji sauti zote 27, na Viktor Orbán alijua kutumia hiyo. Tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili 2023, ili mazungumzo ya kuingiza Ukraine yaweze kufunguliwa, ilibidi atoke chumbani ndipo wengine wapige kura. Tarehe 5 mwezi wa saba 2024, siku chache tu kisha inchi yake kushika uongozi wa zamu wa Umoja, alikwenda kumuona Putin Moscow bila kutumwa na mtu. Mwaka 2025 Slovakia nayo ilizuia kifurushi cha 18 mpaka mwezi wa saba kwa sababu ya gazi. Ila gazi ya maji, ile inayoletwa na meli toka Siberia, haikushuka Budapest, sababu huko hakuna bahari. Ilishuka kwenye bandari za Ufaransa, Ubelgiji na Uspania. Orbán alisema kwa sauti kubwa. Wengine walinunua kimya.

Tena, Ulaya inapotaka kweli, njia inapatikana. Ndiyo habari kubwa ya mwezi wa kumi na mbili 2025, ingawa haikusikika sana. Feza za Urusi zilizofungwa Ulaya ni karibu euro miliari 210, na nyingi ziko Brussels kwenye kampuni iitwayo Euroclear, inayotunza hati za feza za dunia yote. Kila miezi sita ilibidi inchi 27 zikubali tena zibaki zimefungwa. Maana yake kila miezi sita inchi moja ilikuwa na ufunguo mkononi. Tarehe 12 mwezi huo, Umoja ulitumia kifungu kingine cha sheria, cha mambo ya uchumi wakati wa shida kubwa, kinachohitaji wingi wa kura tu. Feza zikafungwa bila tarehe ya mwisho. Hungary ilipinga, lakini haikuweza kuzuia.

Kuzifunga ni jambo moja, kuzitumia ni lingine. Hapo alisimama Ubelgiji. Waziri mkuu Bart De Wever aliuliza: Urusi ikitushitaki na ikashinda, nani atalipa? Euroclear iko kwetu. Deni litabaki kwetu? Aliomba wengine wote waweke dhamana ya kweli, isiyo na mpaka, pamoja naye. Hawakukubali kwenda mbali hivyo. Wakongomani wengi wana sababu zao za kutomhurumia haraka Mbelgiji kwa mambo ya mali ya watu wengine, lakini swali lake lilikuwa la haki. Kanuni inayogharimiwa na mmoja ili 26 wajisifu nayo haitadumu. Wakubwa wale waliona ni rahisi zaidi kukopa, na Ukraine ikaahidiwa feza. Ila mwenye kubomoa nyumba angali hajalipa hata tofali.

Kuwa na msimamo siyo kuchukia

Kuna wanaosema msimamo mkali maana yake ni kufunga mlango milele. Hapana. Urusi haitahama, itabaki jirani wa Finland, wa Poland na wa Ukraine. Hata wakati wa Vita Baridi watu walizungumza na Moscow, na mwaka 1975 kule Helsinki walisaini kwamba mipaka haibadilishwe kwa nguvu. Tofauti ni kujua mbele ya kukaa nini hakiuzwe. Mpaka wa Ukraine usizungumzwe bila Ukraine. Tarehe 18 mwezi wa pili 2025, Wamarekani na Warusi walikutana Riyadh, na hakukuwa na Mwukraine wala mjumbe wa Umoja wa Ulaya. Ulaya ililalamika, na ilikuwa na haki. Lakini kama kesho Paris itakwenda peke yake, ao Berlin peke yake, italalamika kwa neno gani?

Na ile kanuni ya tano ya 2016, ya raia, nayo inasahaulika. Navalny alikufa gerezani kaskazini ya mbali ya Urusi tarehe 16 mwezi wa pili 2024. Warusi wengi walikimbia ili wasiende kuua. Mwezi wa kumi na moja 2025 Kamisheni ilisimamisha visa za kuingia mara nyingi kwa Warusi, isipokuwa kwa watu wachache. Sababu za usalama zilitolewa, na siyo za uongo. Lakini kumkazia msafiri mipaka wakati meli za gazi zilikuwa zingali zinafika bandarini ni kupanga mambo kichwa chini. Kifurushi cha 19 kinasema gazi ya maji ya Urusi kwa mikataba ya muda mrefu itakatazwa kuanzia tarehe 1 mwezi wa kwanza 2027. Yaani karibu miaka mitano kisha vita kubwa kuanza.

Mfuko mmoja, majeshi mawili

Tarehe 2 mwezi wa tatu 2022, inchi 141 za Umoja wa Mataifa zilipiga kura kuambia Urusi iondoe askari Ukraine. Kongo ilikuwa kati ya hizo. Burundi, Uganda na Tanzania hazikukubali wala kukataa. Rwanda nayo ilipiga kura ya ndiyo, juu ya heshima ya mipaka.

Ndiyo maana wakaaji wengi wa Kivu na Ituri, wakisikia Ulaya inasema mipaka haivukwe kwa nguvu, wanauliza: mipaka ya wapi? Mwezi wa kumi na mbili 2022 mfuko wa Ulaya wa kusaidia majeshi ulitoa euro milioni 20 kwa askari wa Rwanda walio Cabo Delgado, Msumbiji, kule ambako kampuni TotalEnergies ya Ufaransa ina mradi mkubwa wa gazi. Gazi tena. Mwezi wa saba 2023, mfuko ule ule ulitoa milioni 20 kwa brigade ya 31 ya FARDC, ya Kindu. Mwezi wa pili 2024 Kamisheni ikasaini na Kigali makubaliano ya madini. Mwezi wa kumi na moja, milioni 20 zingine kwa Rwanda. Wakati wote huo, ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zilikuwa zinaeleza askari wa Rwanda wanaosaidia M23 katika Kivu ya Kaskazini, jambo ambalo Kigali inakana.

Mapengo kama hayo ndiyo yanaleta bendera za Urusi mikononi mwa vijana kwenye maandamano. Wengine wanaona Urusi haikututawala, basi ni rafiki. Wasiyoyatazama ni kwamba Urusi inafanyia Ukraine kile kile Kongo inalalamikia: kuingia kwa jirani, kuweka utawala wake na kusema ni kulinda watu wanaozungumza luga yake. Unafiki wa mmoja hauoshe mikono ya mwingine.

Goma ilianguka mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Tarehe 13 mwezi wa pili, Bunge la Ulaya liliomba makubaliano ya madini yasimamishwe. Tarehe 24, maministri walikutana. Kallas alisema makubaliano yatachunguzwa upya. Vikwazo vilikuwa tayari, lakini Luxembourg iliomba kungoja kwanza, na kwa vile sauti zote 27 zinahitajika, kila kitu kilisimama. Kwa Ukraine, vikwazo vya kwanza vilitoka tarehe 23 mwezi wa pili 2022, siku moja mbele ya mabomu. Kwa Goma, ilichukua majuma saba.

Vilipitishwa tarehe 17 mwezi wa tatu 2025: watu tisa, kati yao wakubwa wa M23 na makomanda wa jeshi la Rwanda, pamoja na kiwanda cha kusafisha zahabu Gasabo cha Kigali. Sauti zote 27 zilikubali siku ile. Na siku ile ile Rwanda ilijibu. Haikukata uhusiano na Umoja wa Ulaya, haikukata na Ufaransa wala na Ujerumani. Ilikata na Ubelgiji peke yake, na wanadiplomasia wa Ubelgiji wakapewa saa 48 kuondoka Kigali.